Aliyeziba Pua za Ndege

Juzi adhuhuri kijana mmoja alisimamisha bajaji yake mbele ya lango langu hapa Garissa, akafunua injini na kuimwagia maji ya chupa. Mvuke ulipanda, na ndani yake ikaja harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu utoto: chuma kilichounguzwa na jua, vumbi lililolowa, na petroli nyuma yake. Nilimfukuza. Nilimwambia aende akaue mtambo wake penye lango la mtu mwingine. Hodan, mjukuu wangu anayeniandikia maneno haya, aliniuliza kijana wa watu amenikosea nini. Sikumjibu siku ile. Leo namjibu, nanyi mnaosoma sogeeni karibu msikilize, mradi msinikatize.

Mimi sikusoma. Kiswahili changu nilikipata kwa redio na kwa wake wa maaskari waliopangiwa kazi huku kwetu. Nilijifunza kwa hasira, kwa sababu niliapa kwamba hakuna atakayenicheka jinsi baba yangu alivyochekwa.

Nilizaliwa Elwak. Kiwanja cha ndege cha siku hizo kilikuwa kipande cha ardhi nyeupe kilichong'olewa miiba, na baba yangu, niliyemwita aabo, ndiye aliyekilinda. Kazi yake ilikuwa kuwaondoa mbuzi na ngamia ndege inapotaka kutua. Mara moja kwa mwezi ilikuja ndege ndogo ya injini moja, ikileta masanduku ya dawa. Rubani wake alitoka Nairobi, mrefu, mwenye miwani ya jua, na alitutazama kama mtu anayetazama matope kwenye kiatu chake. Hakuwahi kumwita aabo kwa jina. Alimwita "wewe wa mbuzi", na aabo akaitika, kwa kuwa mgeni huheshimiwa hata akiwa hana adabu. Mimi sikumheshimu. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na nilimchukia kwa moyo wote.

Mwezi huo ulikuwa wa kiangazi kikali. Mama yangu, hooyo, alikuwa na siku ya pili katika uchungu wa kuzaa na mtoto hakutaka kutoka. Dresa, mhudumu wa tiba wa zahanati yetu, alisema wazi kwamba asipofikishwa hospitali kubwa ya Garissa kabla ya jioni, tutawapoteza wote wawili. Kwa bahati, hiyo ndiyo siku ya ndege. Ilitua jua likiwa utosini. Rubani alikubali kumchukua hooyo. Aliisimamisha ndege pua ikielekea upepo, akafungua kimlango kidogo juu ya injini, akatamka maneno machache ya Kiingereza ambayo hakuna aliyeyaelewa, kisha akaenda kula kwa dresa. Aabo alikimbilia nyumbani kumleta hooyo kwa kitanda.

"Simama hapa," aliniambia. "Mbuzi wasiikaribie."

Nilibaki peke yangu na ile ndege. Mbele, kando ya panga lake la kuzunguka, ilikuwa na matundu mawili kama pua, na hewa ya moto ilitetemeka juu yake kama inavyotetemeka juu ya jiwe la kuokea mkate. Ilitoa vilio vidogo, tik, tik, tik. Upepo ulipuliza vumbi moja kwa moja ndani ya zile pua. Ninyi mliokulia mjini hamwezi kuona nilichokiona. Kwetu ngamia aliyechoka hulazwa akiupa upepo mgongo, ili vumbi lisimwingie puani, na kiriba cha maji hufunikwa mkeka uliolowa ili kipoe. Mbele yangu alikuwepo mnyama anayehema, ambaye bwana wake alimwelekeza kwenye vumbi akaenda kula. Na mnyama huyo ndiye aliyepaswa kumbeba mama yangu.

Nilichukua mkeka aliouacha aabo kivulini, nikaulowesha kwa maji yote ya kiriba, nikaufunika usoni mwa ndege. Niliziba pua zote mbili, nikaziba na kile kimlango cha juu, nikakaza kwa kamba. Mvuke ulitoka na harufu ile ile ya juzi. Vile vilio vikanyamaza. Nilijiona nimefanya kazi ya maana, nikaenda kufukuza mbuzi waliokuwa upande wa pili wa kiwanja.

Niliporudi, watu walikuwa wamefika na kitanda. Aabo alikuwa wa kwanza kuufikia mkeka. Niliiona mikono yake ikisimama kidogo juu ya fundo, kisha akalifungua. Rubani alikuja nyuma yake akipiga kelele.

"Nani ameziba injini? Nani?"

"Mimi," alisema aabo.

"Wewe wa mbuzi! Unaifunika kama mtungi wa maziwa? Hii inapumua hewa, mjinga wewe, hewa!"

"Bole, bwana rubani. Bole sana."

"Eti bole!" Rubani aliwageukia watu waliokusanyika. "Amenipikia injini, halafu ananiambia bole! Hata pole yenyewe imemshinda."

Wapo waliocheka. Watu wetu wenyewe, wallahi, wakicheka mbele ya mwanamke anayekufa kitandani. Nyuso zao ninazikumbuka mpaka leo, na wengi wao niliwazika bila chozi.

Rubani alijaribu kuiwasha. Panga lilizunguka, injini ikakohoa, ikazima. Akajaribu tena, na tena, kila mara ikizunguka kwa uvivu zaidi, mpaka akaacha. Alifungua kila kilichofunguka, akasema tungoje ipoe. Hooyo alilazwa chini ya bawa. Aabo alisimama akiushika ule mkeka juu ya uso wa hooyo, na kivuli cha bawa kilisogea kutoka gurudumu moja hadi lingine kabla injini haijakubali. Mimi nilisimama hapo hapo. Neno moja tu lilihitajika. Sikulisema.

Ndege iliporuka haikupanda juu. Ilitambaa karibu na vichwa vya miiba mpaka ikapotea, nami niliamini kwamba rubani anaichelewesha makusudi ili kutukomoa.

Hooyo alirudi baada ya mwezi, juu ya lori la mifugo, akiwa hai na mikono mitupu. Mtoto alikuwa wa kiume. Alizaliwa kimya.

Mnajua desturi yetu Wasomali. Mtu akiwa na kovu, kigugumizi au kosa moja, hupewa jina linalolingana nalo, na jina hilo humfuata mpaka kaburini. Aabo aliitwa Mziba Pua. Aliitwa hivyo sokoni, visimani, na hata siku ya mazishi yake. Ndugu za mama walilitamka kama tusi. Yeye aliitika kila mara, na hakuniuliza kitu.

Miaka mingi baadaye nilikuwa na mpangaji hapa Garissa, fundi wa ndege. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba injini ile hupozwa na upepo unaoingia puani, na kwamba katika joto kali rubani mwema hapandi kwa haraka, huiacha ikimbie chini chini ili ipate hewa. Kumbe ile siku rubani hakutukomoa. Fundi alinieleza pia kwamba injini iliyozimwa kwenye jua la adhuhuri huweza kugoma hivyo hata ikiachwa wazi. Kwa hiyo sitajua. Huenda mkeka wangu ndio uliomuua ndugu yangu, huenda ni jua. Lakini rubani simsamehe. Alijua kila kitu kuhusu hewa ile, na hakuona kwamba tunastahili kuelezwa kwa lugha tunayoielewa.

Kuna jambo ambalo fundi hakunieleza, kwa kuwa hakulijua. Mimi ni wa mkono wa kushoto. Hooyo alinichapa vidole miaka mingi na havikubadilika. Kila fundo ninalolifunga huangalia upande usio wake, na aabo alizoea kulalamika kila alipofungua mzigo nilioufunga mimi. Nilikuwa mtu mzima, nikifungua mzigo wangu mwenyewe, nilipoelewa kwa nini mikono yake ilisimama juu ya ule mkeka. Alikuwa amesoma jina langu katika lile fundo, kisha akalifungua haraka, kabla mtu mwingine hajaliona.

Hodan ameacha kuandika, ananitazama. Andika, msichana. Mnaokutana na wajukuu wangu na kuwaita wa ukoo wa Mziba Pua, mlimpa jina hilo mtu asiyehusika. Lirudisheni. Ni langu, na bado niko hai kuliitikia.