Bastola ya Kupanda Nayo Mlimani

Siku Gakunzi alipoingia kwa mara ya kwanza katika duka la bunduki, alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alitoka kazini saa nane mchana, kwenye ghala ambako alikuwa akipakia maboksi tangu alfajiri, akapita nyumbani kwake Shively, akaoga, akabadili nguo. Hakutaka wenye duka wamdhanie mtu wa mashaka. Duka lilikuwa kando ya barabara ya Dixie, limebanwa kati ya fundi wa matairi na mkahawa wa kuku, na kwa miaka kumi na miwili aliyokaa Louisville alikuwa amelipita karibu kila siku bila kuligeuzia shingo.

Bunduki alizijua kwa upande mmoja tu, ule wa mdomo. Kwao, katika milima ya Kivu ya Kusini, yeye alishika fimbo ya kuchungia. Bunduki zilishikwa na wale waliokuja kuwachukua ng'ombe. Alipokuwa kwenye kambi ya wakimbizi, na hata baada ya kufika Amerika na kula kiapo cha uraia, kulikuwa na jambo moja dogo alilojisifia moyoni bila kumwambia mtu: mikono yake haikuwahi kubeba chuma hicho. Sasa alikuwa na miaka hamsini na nane, na alikuja kukinunua kwa hiari. Sababu ilikuwa dubu.

Watu wa kwao wana utaratibu wao. Mtu mwenye neno zito haliombei kitandani. Anapanda mahali pasipo na nyumba, anafunga siku tatu bila chakula, analisema neno lake kwa sauti, kisha anashuka. Gakunzi alikuwa na wenzake wawili wa kupanda nao, Ruberwa na Ezéchias, waliochunga naye kwenye kilima kimoja walipokuwa watoto. Wenye ofisi za wakimbizi waliwatawanya: Gakunzi Louisville, Ruberwa Columbus, Ezéchias Buffalo. Lakini kila mwezi wa nane walikutana kwenye mgongo mmoja wa mlima katika misitu ya mashariki mwa Kentucky, mahali penye nyasi fupi na ukungu wa asubuhi, ambapo mtu akisimama na kukaza macho kidogo angeweza kudhani yuko nyumbani.

Askari wa msitu alikuwa akiwauliza kila mwaka wameficha wapi chakula, maana harufu ya chakula ndiyo inayomvuta dubu. Kila mwaka walimjibu kwamba hawana hata punje. Mwaka wa tatu aliacha kuuliza, akawa anawaangalia kwa huruma na kuwaachia biskuti kwenye kioo cha gari.

Vijana wa kanisani walikuwa wameshahamia kwenye maombi ya simu, kila mmoja akiwa amejifunika blanketi lake. Wazee hao watatu waliwacheka.

Halafu, mwezi wa tatu wa mwaka huu, Ruberwa akafa. Moyo ulimsimama akiwa amerudi kutoka kiwandani. Wakampeleka hospitali, akaishi siku mbili, na Gakunzi akawahi kufika Columbus. Ruberwa hakuwa na maneno mengi. Alimshika mkono akamwambia, "Mkipanda, mnitaje." Kwao, marehemu hutajwa mlimani na mtu aliyekua naye, jina lake na la baba yake na majina ya ng'ombe wake, kwa sauti, ndipo msiba unahesabika umekwisha. Asiyetajwa anabaki kama mtu aliyesimama mlangoni bila kuambiwa karibu.

Gakunzi akaahidi. Lakini kufikia mwezi wa saba, Ezéchias naye alikuwa amefungwa na figo. Mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye kiti huko Cheektowaga, kando ya Buffalo, damu yake ikipitishwa kwenye mashine saa nne nzima. Safari ya gari hakuiweza tena. Mlima wa mwaka huu ukabaki wa mtu mmoja.

Kirezi, binti yake Gakunzi anayelea wazee kwa mshahara huko Columbus, alipoyasikia hayo kwenye simu alikataa papo hapo.

"Baba," akasema, "mlikuwa watatu. Watatu wako na kelele. Mmoja ni chakula."

Mama yake alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Hakuwa tayari kumzika na baba kwa sababu ya mnyama. Akaapa kwamba baba akienda bila silaha, atakuja Louisville alale mbele ya gari lake. Mume wake, Mucyo, akatuma picha ya bastola ndogo inayoenea kwenye kiganja. Ndiyo picha ambayo Gakunzi alimwonyesha mama wa Kizungu mwenye mvi aliyesimama nyuma ya kabati la vioo.

Yule mama aliitazama, akatikisa kichwa. Akamweleza taratibu, kama mtu aliyezoea wageni wa lugha, kwamba hiyo ni ya kumtishia mwizi. Risasi yake ni ndogo na nyepesi. Kwa dubu itaishia kwenye mafuta na kumkasirisha. Akatoa tatu nyingine, akazipanga juu ya kitambaa. Ya kwanza ilikuwa ya magazini, risasi kumi na tano nzito, lakini alimwonya kwamba ukiishika kwa mkono uliolegea inaweza kukwama, na mtu aliyeangushwa chini na mnyama mkono wake hulegea. Ya pili ilikuwa ya silinda, kubwa, ile wanayoiita arobaini na nne. Gakunzi aliinyanyua, akahisi bega linashuka. Mama akasema teke lake ni kali, wengi wanaipiga mara moja na ya pili inakwenda mbinguni. Ya tatu nayo ilikuwa ya silinda, ndogo kuliko hiyo, mtutu wa inchi nne, risasi sita tu. Haina cha kukwama. Unavuta, inapiga. Aitie risasi za madini matupu ya risasi, ngumu, zisizotanuka, zipate kupita ngozi na mfupa. Na kabla ya hayo yote, akaongeza, anunue kopo la pilipili ya kupuliza, kwa sababu dubu wengi wanataka tu kuondoka.

Akamuuliza ataivaa wapi. Kiunoni haifai, mkanda wa begi unaiziba. Kifuani ndiyo mahali pake. Akamfunga mkoba wa ngozi juu ya koti, na mkoba ukagonga kitu kigumu.

"Una nini humo?"

Ilikuwa Biblia. Gakunzi aliitoa mfukoni, akaitia begini, na kwa muda wote uliobaki akahisi upande ule wa kifua una baridi.

Kisha akauliza swali aliloliandaa tangu nyumbani. Alitaka kujua, katika hizo tatu, ni ipi iliyo nzuri kwa mtu aliyefumba macho.

Mama alicheka, kisha akaona kwamba mteja hacheki. Gakunzi akamweleza kuhusu maombi. Yule mama akaegemea kabati akafikiri kwa heshima, kama vile ameulizwa kuhusu umbali au upepo.

"Hiyo haiuzwi hapa," akasema. "Dubu akikimbia unapata sekunde mbili, tatu. Ukiwa umefumba macho, huna hata moja. Wenzako huwa wanafanyaje?"

Ndipo Gakunzi alipouona uzito wenyewe. Kwao watu hawakufumba macho wote kwa pamoja. Tangu zamani, kwa ajili ya chui, na baadaye kwa ajili ya wanadamu, palikuwa na zamu: wengine wakiomba, mmoja anabaki macho wazi, mgongo wake umeegemea migongo yao. Na kwa kuwa huyo wa zamu hakuwa akiomba, ni yeye aliyetoa amina ya mwisho. Kentucky waliendelea hivyo hivyo kwa mazoea, bila hata kulitaja. Alikuwa amekuja kuchagua bastola, na bastola ipo. Aliyepungua ni mtu.

Aliinunua ile ya risasi sita. Jumamosi mbili mfululizo alikwenda uwanja wa shabaha, akavaa vifuniko vya masikio, akapiga karatasi. Vidole vilivyokamua ng'ombe tangu utoto vilivuta bila kutetemeka, na tano kati ya sita ziliingia ndani ya duara la ukubwa wa sahani. Kijana wa zamu alimpongeza. Gakunzi alishukuru, akaenda kukaa ndani ya gari, akaona haya kwamba anaiweza.

Ezéchias alipopata habari alimdhihaki kwa simu mpaka akakohoa.

"Bon, umenunua ya dubu ama ya kuku?"

"Ya dubu."

"Donc sasa uko askari. Mbuzi ya kwanza uliyoichinja, ni wewe ulianguka, si mbuzi."

Gakunzi akamwambia alitamani akishuka mlimani apitilize mpaka Buffalo kumsalimia. Ezéchias akamkataza. Bastola ya Kentucky haina karatasi za New York. Wakimkuta nayo barabarani watamfunga, na nani atampelekea chakula gerezani, Ezéchias aliyefungwa kwenye mashine? Waliicheka hiyo pia. Lakini baada ya kukata simu Gakunzi alibaki ameishika, akihesabu kwamba ni mwaka mzima hajamwona.

Alipanda siku ya Jumatano. Alivaa bastola kifuani na kopo la pilipili kiunoni, akatandika turubai mahali pao pa siku zote, kwenye ukingo wa mwamba. Mbele yake kulikuwa na bonde tupu. Kama kitu kingekuja, kingetokea nyuma, msituni. Akapiga magoti. Akafumba macho.

Akafumbua.

Ilikuwa tunda la mwaloni limeanguka. Akafumba tena, na mkono ukapanda wenyewe kifuani. Akafumbua: kindi. Akajaribu kuomba akitazama, lakini macho yakiwa wazi maneno yalitoka kama ya mtu anayesoma tangazo. Akageuka akaelekea msituni, bonde likawa mgongoni, na hilo nalo halikufaa, kwa sababu sasa alikuwa ameupigia magoti msitu. Siku ya kwanza ikaisha hivyo. Siku ya pili njaa ilimsafisha kichwa, kama inavyofanya kila mara, na bado hakuweza kumaliza sentensi. Dubu hakuja. Hakuona hata unyayo. Alikuwa amelindwa vizuri kuliko mwaka wowote, na Ruberwa alikuwa bado hajatajwa.

Asubuhi ya Ijumaa alisogea hadi kwenye jiwe la juu, ambako simu hushika mtandao, amjulishe Kirezi kwamba yuko mzima. Alipomaliza, kidole kikampigia Ezéchias, kwa picha.

Ezéchias akatokea amelala nusu kwenye kile kiti cha Cheektowaga, mrija mkononi, mashine ikimetameta pembeni.

"Umemaliza?"

"Sijaanza," Gakunzi akasema. "Siwezi kufumba. Hakuna mtu nyuma yangu."

Ezéchias hakufanya mzaha. Nyuma yake mashine ilisikika inavuta na kusukuma.

"Niweke kwenye jiwe," akasema.

"Nini?"

"Simu. Iweke kwenye jiwe, mbele yako. Nione nyuma ya mgongo wako, kwenye miti. Niko hapa saa tatu zingine, siendi popote."

Gakunzi akavua kiatu kimoja, akaisimamisha simu ndani yake, akairekebisha mara mbili tatu kwa maelekezo ya Ezéchias, kushoto kidogo, inua, basi. Akapiga magoti, bonde mbele, msitu nyuma.

"Ukiona kitu?"

"Nitaita jina lako. Nikiita, usianze kuuliza."

Akafumba macho, na safari hii yakabaki yamefumba. Aliita jina la Ruberwa, na jina la baba yake Ruberwa, na la babu. Akamtaja yule ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, ambaye Ruberwa alimlilia kuliko alivyolia kwa ajili ya nyumba yao. Akataja miaka kumi na mitatu ya kambini, na kiwanda cha Columbus, na mguu aliouburuta wakati wa baridi. Aliomba apokelewe. Aliomba kwa muda mrefu, jua likasogea kutoka sikioni hadi kwenye paji la uso, na alipofika mwisho akanyamaza, akisubiri amina ya mwenye zamu.

Haikuja.

Akasubiri kidogo tena. Kisha akafumbua macho.

Kwenye simu, Ezéchias alikuwa amelala. Kidevu kilikuwa kimeanguka kifuani, mdomo wazi, kofia imeteleza juu ya jicho moja. Gakunzi akageuka haraka, mkono kwenye bastola. Nyasi. Miti. Ukungu ulikuwa umekwisha. Hakujua yule mzee alilala tangu lini. Huenda tangu jina la kwanza. Huenda maombi yote ameyaomba peke yake mlimani, mgongo wazi, bila jicho hata moja.

Aliiinamia simu ili amwite. Akauona ule mkono wenye mrija, jinsi ulivyokonda, na jinsi vidole vilivyobaki vimejikunja kama vinashika fimbo. Hakumwita. Akasema amina mwenyewe, kwa sauti ndogo, kwa niaba yao wote, akakaa chini na kuivuta simu karibu.

Baadaye muuguzi akaingia kwenye picha kuangalia mashine. Akaona simu iliyoegemezwa, akainama, na huko msituni akamkuta mzee mweusi mwenye bastola kifuani anamtazama. Mama wa watu akashtuka, akafungua mdomo.

Gakunzi akaweka kidole juu ya midomo yake, kisha akamwonyesha aliyelala.

Muuguzi akamtazama mmoja, akamtazama mwingine. Akalivuta blanketi, akamfunika Ezéchias mpaka mabegani, akaondoka kwa vidole vya miguu. Betri ilikuwa imebaki kidogo sana. Gakunzi akaendelea kukaa, msitu mgongoni, akimtazama mwenzake anavyopumua, hadi kioo kilipozima.