Rangi ya Viatu kwa Mwaitu

Mkishangaa kwa nini stendi yetu pale Kitui ilikosa sanamu miaka ile ya sabini, mnilaumu mimi.

Baraza la mji lilikuwa limenipa kazi ya kutunza sanamu yake ya kwanza, mama wa mti aliyebeba mtungi mgongoni kwa kamba ya kichwani. Tulimwita Mwaitu, yaani mama. Mwenyekiti wa baraza angekuja kumtazama, na akipendezwa angeagiza mwenzake wa stendi.

Jua lilikuwa limempausha. Sasa, nyumbani kwetu baba alichonga twiga wadogo wa kuuzia watalii, na sisi watoto tuliwapaka rangi ya viatu, tukawasugua kivulini mpaka wang'ae. Harufu ile naipenda hadi leo. Basi asubuhi ya siku aliyokuja mwenyekiti nikampaka Mwaitu vivyo hivyo, kopo baada ya kopo. Ila twiga hukaa kivulini. Mwaitu alisimama juani, na rangi ya viatu huyeyuka.

Mwenyekiti alifika saa sita, amevaa suti nyeupe. Akamwekea Mwaitu mkono begani ili apigwe picha.

"Huyu anang'aa kuliko bibi yangu," akasema, akijipangusa jasho usoni kwa kiganja kilekile.

Mmoja wa watazamaji akacheka. Mwenyekiti akatazama kiganja chake, akatazama na mkono wa koti.

"Nani amempaka huyu mama?"

Nikaficha mikono nyuma ya mgongo, nikisahau kwamba akina mama wa kanisa walikuwa wamesimama nyuma yangu.

"Ni huyu, mheshimiwa," mmoja wao akasema. "Mikono yake imefanana na uso wako."