Fundi Asadi na Sanduku la Vitabu vya Anga

Karatasi mimi nanunua kwa kilo. Magazeti, madaftari ya shule yaliyojaa, makaratasi ya ofisini, vitabu vilivyopoteza majalada, vyote vinapanda mzani mmoja, kisha vinachanwa na kukunjwa kuwa koni za kufungia korosho za kukaanga. Sisomi ninachokichana. Ukianza kusoma, korosho zinapoa na mteja anahamia meza ya jirani.

Fundi Asadi yeye alisoma. Kibanda chake cha kutengeneza majiko ya mafuta ya taa kilitazamana na meza yangu pale soko kuu la Mtwara. Kila gunia la karatasi liliposhushwa kwangu, aliliacha jiko la mtu likiwa limetolewa matumbo, akavuka kuja kuchambua. Alitaka habari za anga tu: maroketi, setilaiti, sayari, na wale watu waliovaa nguo nene kama magodoro wakitembea mwezini. Miaka ile ya tisini hapakuwa na duka la kuuza vitabu vya namna hiyo huku kwetu. Vilikuja kwa kuponyoka. Mwalimu wa kigeni amemaliza mkataba, ofisi imefagia makabati, mtu amechoka na magazeti ya picha ya Warusi aliyoyarithi. Vikifika kwangu vimeshapungua kurasa.

Siku moja kijana wa bandarini alikuwa anatafuna korosho mbele ya meza yangu, na koni yake ina picha ya Zohali, ile sayari yenye pete. Asadi akamsimamia.

"Kaka, ukimaliza nipe hiyo karatasi."

"Fundi, kama una njaa sema. Usizungukie karatasi."

"Njaa sina. Huo ukurasa unakosekana kwenye kitabu changu."

"Haya, subiri. Ila pete yake imeshaingia chumvi, usije ukanidai."

Akasubiri. Akaupeleka nyumbani Rahaleo, mkewe Fauzia akaupiga pasi ya mkaa, akaubandika mahali pake kwa uji wa muhogo. Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilipandisha bei. Anayetaka sana hulipa sana.

Lakini lilikuwepo sanduku moja la bati ambalo Asadi hakumwonyesha mtu. Vitabu vya humo alivivalisha vyote karatasi ya mfuko wa saruji, jina la mwenyewe lisionekane. Sababu naijua, maana nilikuwepo.

Vilikuwa vitabu vya mwalimu Mohamedi wa Ziwani, mtu wa kwanza kumwonyesha Asadi nyota kwa majina yake. Mwalimu alikuwa akimwazima kimoja kimoja, na kila mara anamwambia, "Soma, urudishe. Hivi ni vya Rukia wangu." Rukia alikuwa binti yake wa pekee, bado mdogo. Mwaka tisini na tatu mwalimu akafariki. Arobaini haijasomwa, mjane yumo edani, mirathi haijagawanywa, Salumu, mdogo wa marehemu, akaja kwangu na sanduku begani anataka nimpimie makaratasi. Asadi aliliona toka ng'ambo akalitambua. Akavuka mbio, mkononi kashika jiko alilokwisha kulitengeneza.

"Salumu, hivi vimeliwa na mende. Havifai hata kufungia dagaa. Lakini nakuonea huruma. Chukua jiko."

Salumu akatazama jiko, akatazama mzani wangu, akachukua jiko. Mimi nilikasirika kunyang'anywa mzigo, ila nilikiri kwamba fundi kanizidi maneno.

Kilichonishangaza ni kwamba ushindi ule haukumnenepesha. Jiko likitoka Ziwani, alilitengeneza bure, na mwenye jiko hamtazami usoni. Mwezi wa Ramadhani sheikhe akianza kusema juu ya mali ya yatima, Asadi anakumbuka ameacha mlango wazi nyumbani. Vitabu vya kuokota kwangu alivisoma barazani, kila mtu amwone. Vya mwalimu alivisoma chumbani, na Fauzia aliniambia kwamba siku alizovisoma hali chakula vizuri.

"Unajitesa bure," nilimwambia. "Wewe umeviokoa. Ungeviacha ningevichana."

"Nimeviokoa na wewe, Mama Riziki. Yatima sikumwokoa na mimi."

Miaka ikaenda hivyo. Mwaka elfu mbili na mbili, msimu wa korosho, akaja mezani kwangu mwanamke kijana kutoka Ziwani, mtoto mgongoni, na ndoo ya korosho alizobangua mwenyewe. Tukavutana bei. Alikuwa mgumu, nikampenda.

"Wewe mtoto wa nani, Ziwani?"

"Wa marehemu mwalimu Mohamedi."

"Yule mwenye vitabu vya nyota?"

"Yule aliyeviuza." Alisema bila kunitazama, anafunga ndoo. "Aliniahidi mimi, halafu akaviuza akiwa kitandani anaumwa. Baba mdogo Salumu ndiye aliyeniambia. Ziwani nzima wanalijua hilo. Ukimtaja baba, wanakwambia: aa, yule aliyeuza urithi wa mwanawe."

Asadi alikuwa amechuchumaa kwenye gunia langu la karatasi, hatua chache tu. Hakuinua kichwa mpaka binti alipoondoka. Ndipo akaja kwangu.

"Nilidhani nimekula vitabu," alisema. "Kumbe nimekula na jina la mwalimu. Mama Riziki, wewe unajua kusema na watu. Nipeleke nikamwombe radhi."

Nilimshauri apeleke jiko jipya na gunia la mchele, yaishe. Hakutaka. Tulikwenda na sanduku.

Rukia alitupokea vizuri, akatutandikia mkeka. Asadi alisema yote, hakuficha: kwamba mwalimu hakuuza kitu, kwamba Salumu ndiye aliyelileta sanduku sokoni, kwamba yeye mwenyewe alijua vitabu ni vya nani na akavisema ni takataka ili avipate. Rukia akafungua kitabu kimoja, akachana karatasi ya saruji, akakuta jina la baba yake kwa wino. Kisha akauliza, "Sasa unataka nini?"

"Radhi yako, mwanangu."

"Shaabani hii namsomea baba hitima. Njoo useme haya mbele za watu. Yote."

Hapo nikaingia, ndiyo kazi niliyoletewa. "Binti, mtu mzima huyu. Si aseme mbele ya majirani wawili watatu? Watalisambaza wao."

"Shangazi, baba kasemwa na majirani wawili watatu?"

Nilijaribu mara ya pili na ya tatu. Hakushuka hata kidogo.

Siku ya hitima wanaume walikuwa ukumbini, sisi wanawake uani kwenye masufuria, na ukuta wa makuti hauzuii sauti. Dua ikamalizika. Nikamsikia Asadi anakohoa.

"Jamani, vitabu vya mwalimu hakuviuza mwalimu. Nilivichukua mimi, baada ya kufa kwake. Alikuwa amemwekea mwanawe."

Kisha sauti moja: "Ulivichukua wapi, fundi? Nani alikupa?"

Nikachungulia penye tundu la makuti. Salumu alikuwa amekaa karibu kabisa na sheikhe, ndevu nyeupe, tasbihi mkononi. Tasbihi ilikuwa imesimama.

"Nilivichukua mimi," Asadi alirudia.

Wakaanza kunong'ona. Neno mwizi lilipita mara mbili. Rukia aliweka mwiko chini, akasogea penye ukuta, akasema kwa sauti ya kufika kote:

"Fundi, radhi ya vitabu nimekupa. Radhi ya yale uliyoyabakiza bado."

Ukumbini hakuna aliyeuliza yapi.

Tulirudi juu ya gari la mizigo. Nilikuwa nimeudhika, sipendi mapatano yaliyofungwa nusu.

"Kwa nini hukumtaja Salumu? Nusu ya dhambi ni yake, na wewe umeshaitwa mwizi."

"Nilimwambia ni takataka. Angejuaje ametoa nini?"

"Alijua ni vya mtoto. Na uongo juu ya marehemu nani aliutunga, wewe?"

Tukaenda kitambo. Halafu akagonga paa la gari kwa ngumi, dereva akasimama huku anatukana. Asadi akashuka.

"Unakwenda wapi?"

"Kumchukua Salumu. Twende wote."

Sikumngojea. Nilikuwa na korosho za kuwahi sokoni.

Wiki iliyofuata Rukia alikuja na ndoo yake. Tulipatana bei kwanza, ndipo nikamuuliza.

"Walikuja wote wawili," alisema. "Baba mdogo alilia. Fundi hakulia. Alisimama tu mlangoni, anangoja nimkaribishe ndani."

"Ukamkaribisha?"

"Nilimkaribisha," alisema, akiinua ndoo. "Lakini si upesi."