Siku tafiti za chuo chetu ziliposomwa kwa sauti kijijini Bahi

Wakuu, nawasalimu kutoka makao makuu ya nchi, kwenye upepo na vumbi letu.

Mimi ni mwalimu wa chuo kimoja cha kati hapa Dodoma, vile vya maendeleo ya jamii vinavyotoa cheti na diploma. Chuo sikitaji, na majina nimebadilisha. Mengine yote ni kweli tupu. Mengi yananiumbua mimi mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Maktaba yetu ina kabati la kioo lililoandikwa RESEARCH OUTPUT.

Ndani kuna ripoti za wanafunzi wa mwaka wa mwisho, jalada la bluu, maandishi ya dhahabu. Mgeni akija chuoni anapelekwa pale kabla hata ya kuonyeshwa choo. Mkuu wa chuo anaweka mkono juu ya kabati na kusema, "Huu ndio mchango wetu kwa taifa." Funguo anazo mkutubi, na sijawahi kuona mtu akiziomba.

Msimamizi wa nyingi ya ripoti zile ni mimi.

Niwaambie nilivyokuwa nasimamia. Nasoma jalada nione kama jina la chuo limekaa sawa. Nasoma ukurasa wa shukrani nione kama nimeshukuriwa. Nasaini. Wanafunzi walikuwa wananipenda mno.

Basi ikaja barua ya wakaguzi. Safari hii kabati hawalitaki. Wanataka ushahidi kwamba tafiti zetu zimeisaidia jamii.

Mkuu akaniita ofisini.

"Mwalimu, vijana wako si wanaendaga kile kijiji cha Bahi kila mwaka? Nenda kalete barua kwamba tumewasaidia. Hakikisha ina muhuri."

Mtauliza kwa nini kila mwaka kijiji kilekile. Ni kwa sababu hakiko mbali na lami. Sayansi nayo inataka nauli, wakuu.

Nikashuka Bahi, nikachukua bodaboda mpaka kwa Mama Sechelela, mwenyekiti wa kitongoji. Nilimkuta anapepeta uwele. Nikamwamkia, nikasema natoka chuo.

Hakuniuliza nimefuata nini. Akaweka ungo chini, akavuta kigoda, akakaa, akaanza:

"Miaka hamsini na mbili. Nimeolewa. Darasa la saba. Mkulima. Haya, endelea."

Nikamwambia mama, leo sina maswali. Alishangaa kwelikweli. Miaka yote hiyo sisi kwake tulikuwa watu wa maswali tu.

Nikamweleza habari ya barua. Akasikiliza, kisha akanieleza shida yake.

Kati ya kitongoji chake na shule kuna korongo. Kiangazi ni mchanga mtupu, mbuzi wanapita. Mvua zikianza, maji yanashuka kwa hasira na watoto hawavuki. Binti yake wa mwisho, huyo Sechelela, yuko darasa la saba na mtihani unamsubiri. Wanaomba kivuko cha waenda kwa miguu. Halmashauri ya kijiji inakaa Alhamisi kuchagua mradi mmoja wa kupeleka kata, na mwenyekiti wa kijiji ameshasema hataki hadithi, anataka takwimu.

"Sasa mwalimu," akasema, "watoto wenu wametuuliza habari za hilo korongo kila mwaka. Niletee hivyo vitabu Alhamisi. Barua yako nitakuandikia mwenyewe, na muhuri nitakuombea."

Wakuu, nilirudi kwangu Ipagala, hapa Dodoma mjini, kifua mbele. Yaani tafiti zangu zinakwenda kujenga daraja! Usiku nikajiona naitwa mbele kupewa cheti na ngao.

Jumatano nikaomba funguo. Mkutubi alishtuka, akazitafuta karibu nusu saa. Nikachagua ripoti tatu zenye dhahabu inayong'aa zaidi.

Kuzisoma? Sikuzisoma. Mtu husoma kitu alichokwisha kusaini?

Alhamisi kikao kikajaa. Mama Sechelela alikuwa amevaa kitenge cha kanisani. Akasimama, akaeleza korongo lake vizuri kabisa, akamalizia: "Ushahidi huu hapa, umeandikwa na wasomi." Akamkabidhi mtendaji wa kijiji, kijana mmoja mpole mwenye miwani.

Mtendaji akafungua sura ya nne, ile ya matokeo, akasoma kwa sauti:

"Wakazi wengi wa kijiji hiki hujishughulisha na kilimo cha karafuu."

Mzee mmoja akauliza, "Kilimo cha nini?"

"Karafuu, mzee."

"Hapa Bahi?"

Mtendaji, kwa wema wake, akadhani amekosea kitabu. Akafungua cha pili. Karafuu. Akafungua cha tatu. Karafuu tena, na chini yake, "wakazi hupata changamoto ya maji ya bahari kuingia mashambani."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa kijiji akafuta machozi. Halafu mtendaji akafika ukurasa wa mwisho, akasoma jina la msimamizi. Jina langu lote, na cheo. Akainua macho.

"Si ndiye huyu mgeni wetu?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Ndugu zangu, aibu ina joto, niliisikia mpaka masikioni.

Mradi uliopitishwa ni ghala la kitongoji kingine. Mwenyekiti hakuwa mbaya. Alisema, "Mama, korongo lako tunalijua, ila kwa karatasi hizi kata watatucheka. Njoo nalo kikao kijacho."

Mtu pekee ambaye hakucheka ni Mama Sechelela. Tulitoka naye mpaka njiani. Kisha akasimama.

"Mwalimu, mimi huwa naacha palizi nikae niwajibu watoto wenu. Jirani zangu nawaita waache kazi zao. Tunawaambia na mambo ambayo hatuwaambii watu. Kumbe mlikuwa mnaandika nini?"

Nilirudi chuoni na hasira za mwizi aliyeibiwa. Nikamwita kijana mmoja aliyemaliza mwaka jana, siku hizi anachomelea mageti hapa mjini, Kizota. Hakunificha. Dodoso walijaza kweli, nyumba kwa nyumba, juani. Tatizo lilikuwa kuchambua. Kulikuwa na ripoti ya zamani ya sehemu za pwani, wanarithishana kwa flash, wanabadilisha jalada.

"Na madodoso?" nikauliza.

"Si tuliyakabidhi kwako, mwalimu?"

Ni kweli. Nilikuwa nayatupia stoo.

Niliyakuta kwenye viroba, nyuma ya viti vilivyovunjika. Panya walikuwa wamekula pembe tu. Swali la kumi na moja: mvua zikinyesha mtoto wako hukosa shule siku ngapi? Majibu yapo, kaya kwa kaya, mwaka baada ya mwaka. Kwenye dodoso moja mwanafunzi aliandika pembeni kwa kalamu: "Hapa mama alinyamaza muda mrefu. Nimeruka swali."

Nilikaa chini stoo mle, mtu mzima, nikalia.

Nilivipakia viroba nikavipeleka kwa Mama Sechelela. Tulijumlisha siku tatu nyumbani kwake. Nilipokosea hesabu aliniambia nirudie, na nilirudia. Zikatoka kurasa mbili, bila dhahabu. Kikao kilichofuata mtendaji alizisoma na hakuna aliyecheka. Kivuko kimepelekwa kata, na kata wamekiingiza kwenye mpango. Mpango mnaujua, pesa yake huja baada ya miaka. Sechelela ameshamaliza la saba, hakitamkuta, na hilo nalibeba.

Chuo je? Wakaguzi walipoonyeshwa kazi ile ya korongo walifurahi sana. Kurasa zile mbili sasa zimo kabatini kwenye jalada la bluu, mwandishi wa kwanza ni mkuu wa chuo. Mimi nimepewa barua ya pongezi kwa usimamizi bora. Nimeipokea, msinipige mawe, nina familia.

Juzi mwanafunzi wa mwaka huu kanipigia akiwa hukohuko Bahi, analalamika. Mama Sechelela kawakalisha kwenye mkeka, hawaondoki mpaka kila mmoja amsomee alichoandika. Wawili kawarudisha waanze upya.

"Mwalimu, huyu mama ni mkali, tufanyeje?"

Nikamwambia, msomeeni. Huyo ndiye msimamizi wenu, mimi nasaini tu.

Nilichojifunza: ukienda kumuuliza mtu maisha yake, umekopa kitu chake, na ripoti nzuri ya uongo ni wizi hata kama ina sahihi yangu. Siku hizi nasoma mpaka mwisho. Wanafunzi hawanipendi tena.

Sasa zamu yenu. Walimu wenzangu mliojificha humu, semeni ukweli: mara ya mwisho kusoma sura ya nne kabla ya kusaini ilikuwa lini? Majina humu ni ya bandia, hakuna atakayewajua.