Waliosugua Makaa Yangu

Mpaka leo nikisikia harufu ya klorini nakasirika.

Nilikuwa naendesha mtambo wa maji wa mradi wetu, nje kidogo ya Kanyakine. Msimu wa kahawa mto tunakovuta maji hunuka maji machafu ya viwanda vya kahawa vya huko juu, na harufu hiyo ilikuwa ikitufuata mpaka kwenye chai. Tulipoweka tangi la makaa ya kuchujia, makaa yakainyonya. Baada ya muda yalishiba, lakini maji hayakunuka tena, kwa sababu vijidudu visivyoonekana vilikuwa vimehamia humo na vilikuwa vikila kile kinachonuka. Ukigusa makaa, unasikia ute tu. Nilivitunza kama ng'ombe wa maziwa. Mama yangu, aliyeapa kwamba maji ya bomba hayatapita kooni mwake, akaonja, akakubali. Akaacha kuteka maji kwenye kisima cha bondeni, ambacho ng'ombe pia hunywea, na ambacho kilikuwa kimemlaza hospitalini mara mbili kwa taifodi.

Kisha tukaambiwa wafadhili watatutembelea. Mwenyekiti wetu, mwalimu mkuu mstaafu, alikuja na kamati ya mradi, akafunua tangi, akachota makaa kiganjani, akakunja uso.

"Hii kitu yote ya kuteleza ndio tunakunywa? Wageni wakiona hii watasema nini?"

"Mwalimu, hiyo si uchafu. Hiyo ndio inakula harufu."

"Kwa hivyo tunafuga wadudu kwa maji ya watu?"

Kamati ikacheka. Nami nikacheka, mjinga mimi, nikidhani yameisha.

Kesho yake alinituma Makutano nikanunue valvu. Niliporudi, klorini ilinipokea getini. Akina mama wa kanisa walikuwa wameyatoa makaa, wakayasugua kwenye mabeseni ya maji ya klorini huku wakiimba, wakayarudisha safi kabisa. Nilikaa kwenye saruji nikiwa nimefura. Ningemfokea nani? Walikuwa wamejitolea siku nzima.

Wageni walikuja, wakapiga picha kando ya tangi, wakanywa maji ya chupa waliyokuja nayo.

Wiki hiyo hiyo harufu ikarudi. Nilimweleza mama kwamba vijidudu vitaota tena, asubiri tu. Akaitikia vizuri. Asubuhi nikamkuta akipanda kutoka bondeni, mtungi mgongoni, kamba kwenye paji la uso.

"Mama, hayo maji yatakurudisha hospitali."

"Haya hayanuki," akasema, akaendelea kupanda.

Nilimpokea mtungi. Mimi, mtu wa maji wa kijiji, nikabeba maji ya kisima mpaka jikoni kwake, majirani wakiniangalia.