Mama Mdogo na Binti wa Muuza Nyama

Mama mdogo ni fundi cherehani, mfupi, mnene, ulimi kama wembe. Mkono wake wa kushoto umejaa alama za meno ya watoto. Zahanati ilimfundisha kukaa na watoto wanaolipuka kwa hasira, wale ambao mtaani wanaitwa vichaa. Tangu hapo, chumba chetu cha mbele hakikosi mtoto aliyeshindikana kwao.

"Fundi, siku hizi unashona na wazimu?" wateja humtania.

"Nashona. Kipimo chako tu ndicho kimenishinda."

Kanuni yake ni moja. Mtoto akilipuka, kila mtu akae sakafuni, mikono mapajani, na asishikwe. Anasema mtoto aliyeonja kipigo akiona mtu mzima amemsimamia, kwake hicho ni kipigo kinakuja.

Cheche, binti wa muuza nyama jirani, alikuwa na miaka tisa. Wezi walimuua mama yake mbele ya macho yake. Toka siku hiyo akawa anauma, anavunja, anajigonga kichwa ukutani. Baba yake akienda buchani alimfunga kamba kwenye vifundo vya miguu, ncha nyingine kwenye mguu wa kitanda. Mama mdogo alimsihi baba huyo mpaka akamwachia mtoto, ila kwa sharti: "Akimtoa mtu damu, fundi, narudi kwenye kamba yangu."

Siku moja mteja alikuta gauni lake halijaisha. Akafoka, akapiga meza kwa kiganja. Cheche akanyakua chupa ya soda, akaivunja ukutani, akabaki na shingo ya chupa mkononi. Sisi tukakaa. Mteja hakukaa. Alimkamata Cheche kwa nyuma, akidhani anatusaidia. Hapo mama mdogo akavunja kanuni yake mwenyewe: akainuka kuwaachanisha. Chupa ikamchana kuanzia kwenye nyusi hadi sikioni.

Mteja akatoka mbio akipiga mayowe. Muuza nyama akaingia na kamba.

"Nilisema! Sikusema?"

Kofi la kwanza lilimtupa Cheche juu ya cherehani. La pili halikufika, maana Cheche aliudaka ule mkono kwa meno, akakaza. Baba akamtwanga ngumi za mgongo kwa mkono wa pili, puu, puu, kama anapasua mfupa gogoni.

Mama mdogo akakaa chini, damu inamchuruzika shingoni.

"Damu hii nimejitakia. Nilisimama. Na wewe kaa."

"Ananitafuna, unaniambia nikae!"

"Vuta basi, nyama ibaki kwake. Si una bucha, unajua."

Akapiga tena. Kisha maumivu yakamshinda, akaketi. Ngumi ikafunguka, akawa hajui auweke wapi huo mkono. Akauweka pajani. Tukakaa hivyo. Cheche akaachia, akatambaa chini ya meza, mdomo mwekundu.

Baba akaivuta kamba kwake.

"Kesho mlete," mama mdogo akasema. "Na wewe uje."

"Nije nifanye nini?"

"Ukae."

Aliondoka na kamba begani, mtoto mbele yake.

Asubuhi bucha haikufunguliwa. Walikuja wawili, mkono wa baba umevimba kama kiazi. Niliangalia vifundo vya miguu ya Cheche. Havikuwa na alama mpya ya kamba.