Nilimhoji Baba kuhusu siku yake, mpango wa familia ukabadilika

Niaje wakuu. Hii ni ya kwetu Lucky Summer, hapa Nairobi, na sijatia chumvi hata kidogo.

Mimi ni mwanauchumi wa mambo ya kazi. Nauliza watu wanavyotumia siku yao nyumbani: kupika, kufua, kuchota maji, kulea. Mamangu huwaambia majirani niko benki. Niliacha kubishana.

Mwaka jana Mama alipata stroke, upande wa kulia ukalala. Baba ni mchongaji wa vinyago. Akafunga kibanda chake, akabaki naye.

Sasa kaka yangu akapata wazo. Baba si yuko tu home? Aende Kitui akamlindie site yake ya ujenzi, Mama apelekwe kwa shangazi. Tulibakisha tu kuwaambia.

Wiki hiyo nilikuwa na maswali mapya ya research, nikataka kuyajaribu kabla ya kuingia nayo mtaa wa Huruma. Nikamketisha Baba.

"Jana ulifanya kazi gani?"

"Hakuna. Nilishinda hapa."

Mama akasema kutoka kitandani, polepole, maana maneno bado humsumbua: "Muulize nani alinisuka."

Nikatazama kichwa chake. Mistari imenyooka kama ya saluni. Kumbe ni mikono ya Baba, ile iliyochonga twiga miaka yote hiyo.

Baba akaona haya. "Hiyo nayo ni kazi?"

Nikaendelea kuuliza. Kumgeuza asipate vidonda. Kumpondea chakula. Kumnyoosha mguu. Kumwimbia nyimbo za kanisa ndiyo ulimi urudi.

(Hapo kwa nyimbo niliweka kalamu chini, nikajifanya naenda kuangalia chai.)

Nikiwa jikoni nikampigia kaka. "Mzee ako na kazi. Na hana siku ya off."

Akajibu: "Basi nitatafuta mlinzi mwingine."

Tukapanga zamu ili Baba apumzike, Jumamosi zangu, Jumapili za kaka. Siku ya kwanza Baba hakutoka upesi. Alinionyesha mito, dawa, kijiko anachopenda Mama, mpaka Mama mwenyewe akamfukuza: "Baba Mwende, enda."

Akarudi jioni amenyolewa, ananukia spirit ya kinyozi.

Mama akamwita karibu. Akainua mkono wa kulia, ule uliolala, ukapanda ukitetemeka mpaka ukafika kwa kichwa cha Baba kilichonyolewa. Baba akabaki ameinama vile vile, hakutaka kusogea.

Nilichojifunza: mtu wa nyumbani akikwambia hafanyi kitu, uliza tena.

Kwenu ni nani anabeba nyumba kimya kimya? Mtajeni hapa chini, tumsalimie.